Mapambo madogo ya bustani kwa udongo wa kuoka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakazi wa Dodoma

Maswali haya hujirudia kila mtu anapoona tembe ndogo, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, imekaa kwenye chungu cha mshubiri naye akataka kutengeneza yake. Majibu yameandikwa kwa anayefanya kazi hii nyumbani, kwa oveni ya kawaida, katika mji wenye jua kali, vumbi na maji ya mgao. Jambo likishaelezwa sehemu moja halirudiwi. Utaelekezwa namba ya swali.

## Udongo wenyewe

1. Udongo wa kuoka ni udongo gani hasa?

Hauchimbwi ardhini. Ni chembe ndogo sana za PVC, plastiki ileile inayotengenezewa mabomba ya maji, zikiwa zimechanganywa na kilainishi cha majimaji, rangi na vijazio. Ukiwa mbichi unabaki laini kwa miezi mingi bila kukaushwa na hewa. Ukifikishwa kwenye joto la nyuzi 110 hadi 130 za Selsiasi, kutegemea aina, zile chembe hunywa kilainishi, huvimba na kushikana. Ukipoa unakuwa plastiki imara isiyolowa maji, na hiyo ndiyo sababu unafaa kukaa nje mvuani.

Aina zinazojulikana sana ni Fimo ya Ujerumani, Sculpey ya Marekani na Cernit ya Ubelgiji. Pakiti ndogo za Fimo na Sculpey nyingi zina gramu 57.

2. Kwa nini nisitumie udongo wa mfinyanzi nikauoka kwenye oveni?

Kwa sababu oveni ya nyumbani haina moto wa kutosha. Udongo wa mfinyanzi hugeuka kuwa chungu joto likivuka nyuzi 600 hivi, na oveni nyingi za jikoni huishia 250. Ukiuweka humo utakauka tu, uonekane umekuwa mgumu, na mvua ya kwanza ya Desemba itaurudisha kuwa tope.

Kama unapenda udongo wa asili, na ni mzuri kweli, mpelekee kazi yako mfinyanzi anayechoma vyungu, umlipe aichome pamoja na vyake. Matokeo yatakuwa ya aina nyingine na yatadumu.

3. Plastisini ya watoto inaokwa?

Haiokwi. Imetengenezwa kwa nta na mafuta, ikipata joto inayeyuka na kumwagika kwenye trei. Kabla ya kununua angalia nyuma ya pakiti: udongo wa kuoka siku zote una maelezo ya joto na dakika. Pakiti isiyo na maelezo hayo iache dukani, hata muuzaji akikuhakikishia vipi.

4. Na ule unaokauka kwa hewa, au wa gundi nyeupe na wanga wa mahindi?

Yote miwili ni ya ndani. Maji huilainisha hata ukiipaka vanishi, kwa kuwa tundu moja tu linatosha unyevu kupenya. Itumie kwa chungu kinachokaa barazani mahali pasipofikiwa na mvua.

5. Naupata wapi nikiwa Dodoma?

Uliza kwanza kwenye maduka ya vifaa vya shule na ya vifaa vya uchoraji mjini. Ukikosa, na mara nyingi utakosa, agiza Dar es Salaam au kwa wauzaji wa mtandaoni. Wengi hapa huagiza kwa pamoja watu watatu wanne ili kugawana gharama ya mzigo.

Jambo la kuangalia ni safari yenyewe. Kutoka Dar hadi hapa ni kama kilomita 450, na kifurushi kinaweza kushinda juani stendi kikisubiri kupakiwa. Joto hilo huanza kuuivisha udongo ukiwa bado kwenye pakiti. Mwambie anayetuma aufunge katikati ya boksi na atume kwa basi la usiku. Ukipokea, bonyeza kila pakiti kwa kidole gumba: ikibonyea ni nzima. Iliyo ngumu kama jiwe imeshaanza kuiva, irudishe.

6. Ninunue rangi ngapi?

Nyeupe pakiti mbili, kisha nyekundu, njano, bluu, nyeusi na kahawia moja moja. Hizo zinakupa karibu kila rangi. Ukuta wa udongo wa huku kwetu unatokana na kahawia, njano kidogo na nyeupe, na tone la nyekundu ukitaka ule wekundu wa ardhi. Kijani cha dukani huwa kikali mno, kwa hiyo changanya mwenyewe njano na bluu, kisha ukitulize kwa kahawia kidogo. Mimea ya Dodoma haina ule ukijani wa Rungwe, na pambo la kijani kikali kando ya mmea halisi huumbuka papo hapo.

## Vifaa na meza ya kazi

7. Vifaa gani ni vya lazima?

Kipande cha tailizi laini, kwani utaumbia juu yake na kuokea juu yake bila kuhamisha kazi. Chupa ya kioo ya kusukumia. Wembe au kisu chembamba, vijiti vya meno, sindano nene, mswaki wa zamani. Foili ya jikoni kwa ajili ya viini, yaani umbo la ndani linalofunikwa kwa udongo. Msasa wa maji wa namba 400 na 600. Na kipimajoto cha oveni, ambacho ndicho kifaa pekee kwenye orodha hii nisichokubali mtu akiruke (sababu ziko swali la 14).

Udongo mbichi usiuweke kwenye vyombo vya plastiki ngumu inayong'aa na kupasuka kirahisi. Kilainishi huila plastiki hiyo ikanata. Ukunje kwenye karatasi ya kuokea keki, uhifadhi kwenye kopo la bati mahali penye kivuli.

8. Naweza kutumia kibao cha chapati na visu vya jikoni?

Unaweza, ila visirudi tena jikoni. Tenga vya kwako viwe vya udongo tu.

## Kuumba

9. Vitu viwe na ukubwa gani?

Chagua kipimo kimoja ushikamane nacho. Kwa chungu au beseni la upana wa sentimita 40 napendekeza moja kwa 48: mita 2 za kweli zinakuwa sentimita 4 na kidogo. Tembe inakuwa na kimo cha sentimita 4, mtu mzima sentimita 3 na nusu, ng'ombe sentimita 2 na nusu hivi. Mbuyu wa mita 12 unafika sentimita 25, na huo tayari unatawala chungu kizima jinsi mbuyu unavyotawala shamba.

Kuku kwa kipimo hicho angekuwa chini ya sentimita moja, na shingo yake ingekatika siku ya kwanza. Viumbe wadogo waongezee ukubwa bila kuona haya, jicho linasamehe. Jicho halisamehi mlango ambao mtu aliyesimama kando yake hawezi kupita hata akiinama.

10. Nitengeneze nini? Kila mfano ninaouona ni uyoga mwekundu na nyumba za theluji.

Tengeneza vya huku. Nalisema hili kwa moyo wote: bustani ndogo iliyopandwa mshubiri na mawe ya Dodoma haiendani na nyumba ya msitu wa baridi, na tuna vitu vyetu vyenye maumbo mazuri kuliko hivyo. Tembe. Mbuyu. Zizi la miiba na ng'ombe wenye nundu. Mzinga wa gogo ulioning'inizwa mtini, kama ile ya Manyoni. Ndege kanga na madoa yake. Kobe. Kichanja cha mzabibu chenye mashada. Kinu na mchi. Ngoma za muheme za akina mama wa Kigogo, zikiwa zimepangwa chini kivulini.

Mawe makubwa huna haja ya kuyaumba, yaokote. Mawe ya graniti yenye ukubwa wa ngumi, ukiyapanga moja juu ya jingine, ndiyo vilima vya mji huu. Ukitaka kwenda mbali zaidi, chukua jiwe bapa uchore kwa rangi ya akriliki nyekundu iliyotulizwa na kahawia watu warefu wembamba kama wale wa michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006.

11. Tembe inatengenezwaje hatua kwa hatua?

Hili ndilo swali linaloongoza, kwa hiyo jibu ni refu. Hesabu pakiti mbili hadi tatu za gramu 57.

Kunja foili uipige kwenye meza hadi iwe tofali gumu la urefu wa sentimita 8, upana wa 4 na kimo cha 3 na nusu. Lipige pande zote, maana foili iliyolegea hubonyea baadaye na ukuta ukapasuka. Hicho ni kiini na kitabaki ndani moja kwa moja. Kinapunguza udongo unaotumika na kinafanya ukuta uive sawasawa.

Sukuma udongo wa rangi ya ukuta uwe na unene wa milimita 3. Weka vijiti viwili vya unene huo kushoto na kulia kwa udongo ili chupa isishuke zaidi. Kata vipande vinne vya kuta, vibandike kwenye kiini, kisha uunganishe kona kwa kusugua na ubavu wa sindano hadi mstari upotee. Kata mlango mfupi wa sentimita 3. Ndani ya mlango bandika kipande cheusi, na nyumba nzima itaonekana ina chumba chenye giza.

Sasa sura ya ukuta. Ukuta wa tembe una alama za viganja vya aliyeukandika. Pitisha kidole kwa ulalo, ukibonyeza kidogo na kuachia, kisha ugonge kwa mswaki. Chukua udongo mwekundu wa nje, uchekeche kwa chujio la chai, uukaange kwenye kikaango kisicho na mafuta hadi ukauke kabisa, uupoze, halafu unyunyize na kuukandamiza kwenye ukuta mbichi. Utashika na utaoka vizuri. Usiruke kukaanga: unyevu ukibaki hugeuka mvuke ndani ya oveni na kuacha malengelenge.

Paa la tembe ni bapa, na hapo ndipo wengi wanakosea kwa kulifanya kama ubao. Kwanza laza boriti: vijiti vyembamba vya udongo wa kahawia, kila sentimita moja, ncha zikitokeza nje ya ukuta kwa milimita 4. Juu yake weka bamba la milimita 4 lenye kingo zisizonyooka, likiwa na mteremko mdogo sana kuelekea nyuma. Mteremko huo ni wa lazima, la sivyo maji ya mvua yatatuama na kuacha duara la vumbi. Mwisho chomeka waya mbili chini (swali la 19), kisha uoke.

Tembe ya kweli huzunguka ua wa ng'ombe. Ukipata nafasi, tengeneza mbawa mbili zinazokutana kwenye kona badala ya nyumba moja.

12. Mbuyu nao?

Kiini cha foili tena, kinene chini na kikigawanyika juu kuwa matawi manne matano ya waya. Funika shina kwa udongo wa kijivu uliochanganywa na waridi kidogo, maana gome la mbuyu halina ukahawia ambao watu huupaka. Kunja mikunjo ya gome kwa ubavu wa kijiko kuanzia chini kwenda juu. Usiweke majani. Mbuyu wa kiangazi, mtupu, ndio unaotambulika kwa mbali, na majani madogo ya udongo huvunjika hata hivyo.

13. Udongo unakuwa laini sana mchana, au unapukutika asubuhi. Na nyeupe yangu inaingia vumbi.

Kuanzia Septemba hadi mvua zianze, saa nane mchana udongo hunata vidoleni. Fanya kazi asubuhi au usiku, au uweke pakiti kwenye friji kwa dakika 10. Uliolainika kupita kiasi ulaze katikati ya karatasi mbili nyeupe usiku kucha, karatasi itanyonya kilainishi kilichozidi.

Juni na Julai ni kinyume: asubuhi ya baridi unapukutika. Ukande taratibu, kipande kidogo kwa wakati, hadi ukiukunja usipasuke. Wa zamani uliokauka uongeze matone mawili matatu ya mafuta ya watoto. Usitumie mafuta ya kupikia, yatachacha.

Vumbi halikwepeki huku, linapangiwa ratiba. Anza na rangi nyeupe na zile nyepesi, malizia na nyeusi na nyekundu. Futa mikono kwa kitambaa chenye spiriti kila unapobadilisha rangi, funika kazi kwa bakuli unapoinuka, na usivae sweta. Chembe zilizokwisha kuingia zikwangue kwa wembe kabla ya kuoka, au usugue kwa pamba yenye spiriti.

## Kuoka

14. Joto gani, na kwa dakika ngapi?

Fuata pakiti. Fimo huandikwa nyuzi 110 kwa dakika 30. Sculpey huandikwa nyuzi 130, kwa dakika 15 au 30 kwa kila milimita 6 za unene, kutegemea aina. Ukichanganya aina mbili kwenye kazi moja, tumia joto la chini na uongeze muda.

Muda ukizidi hauharibu kitu. Joto likizidi linaharibu. Kwa vitu vya kukaa nje mimi huoka saa nzima hata pale pakiti inaposema nusu saa, kwa joto lilelile. Tofauti inaonekana baada ya msimu mmoja wa mvua.

Namba ya kwenye kitasa cha oveni usiiamini. Oveni ndogo za umeme hukosea kwa nyuzi 20 hata 30, na joto lake hupanda na kushuka kila waya zinapowaka na kuzima. Weka kipimajoto juu ya trei, pale pambo litakapokaa, washa oveni tupu kwa dakika 20, usome. Rekebisha kitasa mpaka kipimajoto kiseme unachotaka, halafu weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Oka kwenye sehemu ya katikati, pambo likiwa limefunikwa kwa trei ya foili iliyopinduliwa, ili waya nyekundu za oveni zisiliunguze juu.

15. Sina oveni. Jiko la mkaa, maikrowevu, maji ya moto, jua?

Maikrowevu hapana kabisa. Maji ya moto hayatoshi: kwa mwinuko wa Dodoma, mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Jua, hata la Oktoba, halifiki. Vyote viwili huganda nje na kuacha ndani kukiwa kubichi.

Sufuria ya mchanga yenye moto juu na chini, tunayookea keki, inafika joto hilo na kulipita haraka, na upande mmoja unaungua huku mwingine ukiwa bado. Siipendekezi. Afadhali umwombe jirani mwenye oveni: peleka kazi yako ndani ya trei ya foili yenye mfuniko wa foili uliobanwa pembeni, pamoja na kipimajoto chako, na uoke wakati ambao hakuna chakula ndani.

16. Umeme ukikatika katikati ya kuoka?

Hakuna hasara. Acha mlango umefungwa kipoe chenyewe. Umeme ukirudi anza upya na uoke muda wote kamili. Udongo huu unaweza kuokwa mara nyingi.

Kwa wanaouliza LUKU: oveni ndogo ya wati 1,200 ikifanya kazi saa nzima haivuki uniti moja na robo, na kwa kuwa waya huzima na kuwaka, hutumia pungufu ya hapo. Kusanya kazi nyingi uoke kwa mkupuo.

17. Pambo langu limekatika kirahisi tu. Kwa nini?

Halikuiva. Takriban kila malalamiko ya kuvunjika yanaishia hapo. Udongo ulioiva unapinda kidogo kabla ya kukatika, na sehemu iliyokatika ndani inafanana na ya nje. Usioiva hukatika ghafla na ndani hupukutika. Kila unapooka, weka kando kipande cha majaribio chenye unene wa milimita 3. Kikipoa kabisa, kikunje: kikivunjika, rudisha trei nzima ndani.

Usijaribu kikiwa cha moto, kwani kikitoka ovenini huwa kama raba hata kikiwa kizima. Na usikipoze kwa maji au mbele ya feni kikiwa kinene, kitapata nyufa. Zima oveni, acha mlango wazi kidogo, subiri.

18. Moshi wake ni sumu?

Kwa joto sahihi hakuna moshi, kuna harufu ndogo ya plastiki. Fungua madirisha. Joto likivuka nyuzi 175 hivi PVC huanza kuvunjika na kutoa haidrojeni kloridi, gesi inayochoma pua, macho na kifua, hatari zaidi kwa mwenye pumu. Ukiona kahawia inaenea au harufu kali, zima, fungua kila dirisha, watu wote watoke nje hadi hewa isafike. Usifungue mlango wa oveni kuchungulia.

Usioke udongo pamoja na chakula. Ukimaliza, futa ndani ya oveni kwa maji ya sabuni kabla ya kupika.

## Nje bustanini

19. Nitazuiaje upepo na mvua visiangushe kazi yangu?

Kabla ya kuoka, chomeka kwenye kitako waya mbili zenye urefu wa sentimita 6, zikiwa zimekunjwa ncha ya ndani ili zisitoke. Waya moja huruhusu pambo kuzunguka, mbili zinalizuia. Waya wa kufungia nondo ni wa bei rahisi lakini hushika kutu, ukavimba na kupasua udongo. Utumie ndani ya kiini tu. Wa kuingia ardhini uwe wa shaba, uliovuliwa kwenye kebo chakavu ya umeme, au ule usioshika kutu.

Mvua zetu ni msimu mmoja, kati ya Novemba au Desemba na Aprili, lakini zinashuka kwa nguvu na kurusha tope. Tandaza changarawe ndogo kuzunguka kila pambo, matone yagonge mawe.

20. Nipake rangi na vanishi ya aina gani?

Rangi ya akriliki, au rangi ya maji ya ukutani kwa maeneo makubwa. Rangi ya mafuta, rangi ya kucha na rangi nyingi za kopo za kupuliza huchanganyikana na kilainishi na kubaki zikinata miezi kadhaa. Kwa Dodoma kinachonata ni kinachokusanya vumbi lote la mtaa.

Vanishi si lazima kwa udongo ulioiva, kwa kuwa hauingizi maji. Ni lazima pale tu ulipopaka rangi juu. Tumia vanishi ya maji, isiyong'aa, matabaka mawili membamba. Sugua kwa msasa wa maji kabla, msasa na pambo vikiwa vimelowa, ili vumbi la plastiki lisikuingie kifuani.

21. Jua litafifisha rangi?

Ndiyo, kiasi. Waridi, zambarau na zile zinazowaka kama koti la bodaboda ndizo hutangulia. Kahawia, nyeupe, nyeusi na rangi za ardhi hustahimili sana, sababu nyingine ya kutengeneza vya huku (swali la 10). Weka chungu upande wa mashariki wa nyumba, kipate jua la asubuhi tu.

22. Mimea gani inaendana navyo?

Yenye majani manene na mizizi mifupi: mishubiri midogo, dungusi, kalankoe. Mchanga mwingi, samadi kidogo, tundu la kutolea maji chini. Bustani ya beseni hutosheka na kikombe cha maji mara moja au mbili kwa wiki, na ndiyo maana watu wa mji wa mgao wanaipenda.

23. Kuku na mchwa?

Mchwa hawali plastiki, ila watakula kila kijiti cha mbao ulichoongeza, kwa hiyo uzio na ngazi viumbe kwa udongo. Kuku ni habari nyingine. Wanachakura, wanadonoa macho na madoa. Inua chungu juu ya matofali au stendi inayofika kiunoni.

## Maswali ya pembeni

24. Watoto wanaweza kufanya?

Kuumba ndiyo, kuanzia wale waliokwisha kuacha kutia vitu mdomoni. Oveni na wembe ni vya mkubwa. Wanawe mikono kabla ya kula.

25. Naweza kuumba sahani, kikombe, au chombo cha maji ya ndege?

Hapana. Kitu chochote cha kulia au kunywea, cha binadamu au cha kiumbe, kitengenezwe kwa malighafi nyingine.

26. Mabaki niyafanye nini?

Mabichi yachanganye, yatumie ndani ya mawe na mashina yatakayofunikwa. Yaliyooka yavunje yawe changarawe ya njia. Usiyatupe kwenye shimo la kuchomea taka. Wengi tunachoma taka uani, na PVC ikiungua hutoa gesi ileile ya swali la 18 na sumu nyingine zinazobaki kwenye majivu.

27. Nikiuza, nipangeje bei?

Jumlisha udongo kwa gramu, usafiri wa mzigo, umeme, kisha saa zako. Saa ndizo watu husahau, nazo ndizo kubwa: tembe moja iliyokamilika ni kazi ya jioni nzima. Ongea na wenye vitalu vya maua kando ya barabara. Chungu kilichopandwa tayari, chenye tembe na mbuyu, huuzika kuliko pambo peke yake mezani.

28. Kimevunjika tayari kikiwa nje. Kinatengenezeka?

Kama ni tawi au mguu, safisha kwa spiriti, paka gundi nyeupe kidogo ikauke, ongeza udongo mbichi kwenye mvunjiko, uoke tena kwa joto lilelile. Vanishi na rangi ya akriliki havitaharibika. Kama kimeshikana na jiwe kubwa lisiloingia ovenini, tumia epoksi ya mirija miwili. Supagluu hushika haraka lakini huachia kwenye joto na mtikisiko, itumie kwa kushikilia tu wakati epoksi inakauka. Kabla ya yote, kunja kipande kilichokatika uone kama kiliiva (swali la 17). Kikipukutika, oka pambo zima upya kabla ya kuunga chochote.